Mpaka Mwenyewe Apite

Kinyozi wa watoto hapimwi kwa mkato. Mkato hata ukienda upande, nywele zitaota na mzazi atasahau. Kinyozi wa watoto hupimwa kwa kelele. Ukipita mtaani ukasikia mtoto analia kama anachinjwa, ujue mle ndani kuna mtu ana mashine lakini kazi hana. Kwenye kibanda cha kinyozi wetu, kile chenye mlango wa bluu kati ya duka la vipuri na mahali pa kuoshea magari, kelele hazikuwepo. Watoto waliingia kwa miguu yao, wakapanda kwenye ubao uliolazwa juu ya mikono ya kiti, wakafungwa kitambaa shingoni na kutulia kama maji mtungini.

Siri yake ilikuwa mdomo. Mwanamke huyu, mjane wa miaka mingi, mwenye mikono mizito na sauti ya kukwaruza, aliwasha mashine na mdomo kwa pamoja. Mashine ikisema vuuu, yeye anasema, "Basi nyuki akatoka mzingani." Kwenye utosi nyuki alikuwa akivuka mlima. Akikaribia sikio, pale ambapo watoto wote wa dunia huruka, nyuki alikuwa anajificha adui asimwone, na atakayetikisika atamponza. Hakuna aliyetikisika. Watoto wakampa jina la Mama Vuu, naye hakuona ubaya. Kuna wenye vyeo walioitwa majina mabaya kuliko hilo.

Hadithi zenyewe alizipata kwa mama yake mzazi, lakini zilimfikia kama nguo ya kurithi, na pale palipochanika alitia kiraka chake. Kobe wa mama yake alikuwa mzito wa maneno. Kobe wake yeye alikuwa na simu mbili. Kusema kweli tangu aolewe mjini alikuwa hajaonana na kobe, wala nyuki hakuwa amemtazama hata mara moja kwa nia ya kumtazama. Maisha yake yalikuwa nyumbani hadi kibandani, kibandani hadi nyumbani, macho chini asije akajikwaa.

Kisha mvua zikabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yake kule shamba. Kaka yake mkubwa alikwenda, akazigonga kuta zilizobaki kwa ngumi, moja baada ya nyingine, akatoa hukumu. Kaka ni mkandarasi wa majengo, na neno lake juu ya ukuta halina rufaa. Nyumba haikaliki. Mama hawezi kuishi peke yake tena. Mama akasema kama ni kuhama, basi ataanzia kwa binti yake, na kaka akakubali kwa sharti.

"Ukae huko mpaka mwisho wa mwezi, nikimalize kile chumba chako kule kwangu," alisema. "Ghorofa ya tatu, ngazi zile, si mahali pa mtu mzima."

Kaka hakuwa mtu mbaya, tusije tukamwonea. Ana nyumba kubwa, mke mwenye roho nzuri, na chakula hakipungui mezani. Ila uwanja wake wote ameusakafia kwa zege, ukuta hadi ukuta, kwa hoja kwamba nyasi huleta nyoka na miti huleta taka. Kule hata sisimizi akitaka kupita sharti abishe hodi.

Basi mama akaja na begi lake moja, akapanda zile ngazi akipumzika kila kituo, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo la pili, ukuta mtupu wa matofali ya saruji ambao mwenye jengo aliona uvivu kuupiga lipu. Mama akautazama ukuta huo kutwa. Ukimwuliza kaamkaje, salama. Ukimwuliza anataka nini, sina haja. Chakula alikidonoa, kisha akaisogeza sahani pembeni kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuonekana mlafi. Gauni likaanza kumlegea mabegani.

Kinyozi akampeleka hospitali. Daktari akampima kila kinachopimika, akasema moyo wa mama ni mzima kuliko wake yeye.

"Sasa mbona anakwisha?" kinyozi akauliza.

"Mpe muda, ajizoeze," daktari akajibu, na kinyozi akatoka amekasirika, kwa maana muda hauuzwi dirisha la dawa.

Na kweli alikuwa akikwisha. Mwanamke aliyekuwa akisimulia mpaka sufuria inaungua na hakuna anayejali, sasa alikuwa mtu wa maneno mawili kwa siku. Kinyozi alilala na hofu na kuamka nayo. Aliona wazi kwamba mama yake anakufa pale kwenye kiti cha plastiki, taratibu, bila kumsumbua mtu, na hakujua amshike wapi asidondoke.

Siku moja ya mapumziko akavuta kigoda, akaketi miguuni pake kama zamani.

"Mama, nisimulie basi hata kidogo. Ile ya kobe."

"Kobe yuko wapi?"

"Kobe gani tena?"

"Si wewe umemtaja? Kapita?"

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomrudia, na akajishangaa ilikuwa imejificha wapi. Kwao hadithi haikuanza mpaka mwenyewe apite. Chura alisimuliwa chura alipolia. Kunguru alisimuliwa akiwa juu ya paa, anasikia. Mwenyewe akiondoka katikati, hadithi ilikatwa hapo hapo, na watoto walingoja. Kuna hadithi ya chura waliyoingoja kiangazi kizima, yeye na kaka yake, wakilala chini kando ya kisima kikavu kusikiliza kama kuna aliyerudi. Alipokuwa mdogo alidhani kila nyumba hufanya hivyo. Alipokua alidhani ni ujanja wa mama wa kupumzisha koo.

"Lakini mama, kwa nini lazima apite?"

"Kumsema mtu hayupo kunaitwaje?"

"Kusengenya."

"Haya."

Kinyozi akafikiria nyuki wake, kobe wake wa simu mbili, na vichwa vyote vile alivyovinyoa kwa miaka. "Kumbe mimi wale watoto..."

"Unawafundisha usengenyaji," mama alisema bila ukali, akarudi kwenye ukuta wake.

Mtu mwenye busara angekaa akalitafakari jambo hilo. Kinyozi wetu ni mtu wa vitendo. Kesho yake alikwenda sokoni akanunua kuku, jike la madoadoa, akapanda nalo ghorofa zote tatu linapiga kelele na majirani wanachungulia. Akaliweka mbele ya kiti cha mama, akihema.

"Mwenyewe huyo, mama!"

Mama akamtazama kuku. Kuku akamtazama mama.

"Huyu amepita au ameletwa?"

"Ameletwa."

"Kwa kamba?"

Kinyozi akaitazama kamba, ambayo bado ilikuwa mguuni. "Kwa kamba."

"Basi huyu hana hadithi," mama alisema. "Huyu ni kitoweo."

Wakamla. Mama alikula bawa moja, na kinyozi akalala usingizi wa mang'amung'amu akiwaza ni nani atapita ghorofa ya tatu, mbele ya ukuta wa saruji, kwa hiari yake. Kulipokucha alikuwa ameamua kwenda na mama kazini. Hakuwa na mpango wowote mkubwa. Aliogopa tu kumwacha peke yake na ule ukuta.

Walishuka ngazi polepole, mama ameshika mkono wa binti, binti ameshika begi la mashine. Kibandani akamkalisha kwenye benchi la wateja, chini ya kioo, karibu na mlango. Mama akakaa kama alivyokaa nyumbani, mikono mapajani. Mtoto wa kwanza akapandishwa kwenye ubao, binti mdogo wa muuza vipuri, aliyekuja kunyolewa kwa ajili ya shule. Kinyozi akawasha mashine, akafungua mdomo aseme nyuki katoka mzingani, akakumbuka, akaufunga. Mtoto akaanza kutikisika. Na hapo, kama aliyeagizwa, akaingia nyigu.

Alikuwa mweusi, miguu ina rangi ya manjano, kiuno chembamba kama uzi. Akazunguka juu ya taa. Mtoto akapiga ukelele ambao haukuwahi kusikika katika kibanda kile, na kinyozi, aliyeona heshima ya kazi yake inaondoka, akaruka na kushika kopo la dawa ya wadudu.

"Mwache!"

Mama alikuwa amesimama. Tangu aje mjini hakuwa amesimama bila kushikwa mkono, na sasa alikuwa wima katikati ya kibanda, kidole juu, macho yanamfuata nyigu hadi kwenye kona ya fremu ya mlango, pale alipotua na kuweka kidonge cha tope mbichi.

"Mwenyewe huyo!" mama akaita, kwa sauti ambayo kinyozi alikuwa ameisahau.

Aliyejibu ni kinyozi, kopo la dawa mkononi, mdomo ukijiendea wenyewe. "Apite tumwone!"

"Zamani," mama akasema, "huyu hakuwa na kiuno hiki mnachokiona. Alikuwa mnene wa kujisifu, tena mkarimu. Siku wadudu wanagawiwa nyumba, yeye alikuwa kambebea jirani maji. Kurudi, mashimo yamekwisha, matundu yamekwisha, majani yote yana wenyewe. Akazunguka na jua lake kichwani. Ndipo akamsikia buibui anaita kutoka kwenye kona: karibu, dada, kwangu mlango haufungwi."

Nyigu akaruka, akatoka nje. Mama akanyamaza na kukaa.

"Halafu?" mtoto akauliza. Alikuwa ameacha kutikisika zamani.

"Halafu kaenda. Nitamsemaje hayupo?"

"Arudi salama," kinyozi akasema taratibu. Ndivyo walivyokuwa wakisema kando ya kile kisima.

Akarudi, na tope jingine. Hadithi ikasogea kidogo: nyigu akaingia kwa buibui, akagundua kwamba mlango usiofungwa una nyuzi. Akanaswa kiunoni. Mwenyewe akaondoka tena kabla yule wa hadithi hajajinasua, na binti wa muuza vipuri, aliyekwisha kunyolewa na kupakwa poda, akakataa kata kata kushuka kwenye ubao.

Ndivyo mambo yalivyoanza, na yakisha kuanza hayakuzuilika. Watoto walijaa. Walikuja walionyolewa juzi, vipara vinang'aa, wakidai nywele zimeota. Walikaa sakafuni shingo zimeinuliwa, wakimngoja fundi. Waligundua wenyewe anakochota tope, pale kwenye dimbwi la muosha magari, wakamwekea mwenye dimbwi ulinzi asilifagie. Muosha magari, kijana mwenye maneno mengi, aliacha bomba lidondoke kidogo hata siku zisizo na kazi.

"Shikamoo bibi," alimwita mama kila asubuhi. "Huyu mteja wako sasa ni wangu. Anakuja kuchukua tope, haulizi sabuni, hasemi nimemkwaruzia gari. Wangekuwa wote hivi!"

"Marahaba. Usimsifu sana, atavimba kiuno kirudi," mama akajibu, na wote wawili wakacheka.

Alikuwa anacheka. Kinyozi aliposikia mara ya kwanza ilimbidi azime mashine, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamehamia kwa mama na sikio la mtu lilikuwa karibu. Mama alikuwa pia anakula. Alikula alichokuja nacho na akatupia jicho cha jirani. Na hadithi ilikwenda kwa kadiri ya ujenzi: nyigu akavuta, akavuta, mpaka kiuno kikawa uzi, akachomoka. Akaapa atajenga nyumba ambayo mlango wake unafungwa. Hana jembe wala maji, hivyo akaliomba tope lenyewe, na hapo watoto wote waliimba, kwa sababu mama alikuwa amewafundisha:

Tope dogo, nipandie mgongoni,
Leo nakubeba, kesho nibebe ndani.

Jioni wakirudi nyumbani, njia ile ile ya miaka yote ikawa ndefu. Mama alisimama kwa kila aliyepita. Chini ya upenu wa duka la vipuri kulikuwa na viota vya mbayuwayu, safu nzima, na kinyozi aliyepita chini yake kila siku hakuwahi kuinua kichwa. Kwenye ukuta wa ngazi mjusi alisimama akapiga yale magoti yake ya kushuka na kupanda, na mama akamsimulia papo hapo, kituo cha ghorofa ya pili, majirani wakipita pembeni na mifuko yao. Hata kule dirishani kumbe palikuwa na wapitaji: kwenye nyufa za matofali ya ukuta ule kulikuwa na sisimizi wekundu wanaohama na mayai.

"Mama, hawa walikuwepo siku zote?"

"Sijui. Nilikuwa nimekasirika, sikutazama," mama alisema.

Kinyozi naye akaanza kutazama. Mwanzoni alitazama kwa ajili ya mama, kama mtu anavyomshikia mwenzake mzigo. Baadaye akajikuta anatazama kwa ajili yake. Aliona furaha ambayo hakuwa na jina lake, ya kujua kwamba wakati yeye anahesabiwa mjane wa ghorofa ya tatu asiye na mtu, kulikuwa na kundi zima la majirani wanaoishi naye bila kumwomba chumvi.

Katikati ya raha hiyo kaka akaja. Aliegesha gari, akaingia kibandani akiinamisha kichwa, maana ni mrefu wa mwili, akamwamkia mama na kumwona amenenepa, akafurahi kweli. Kisha akaona tope kwenye fremu ya mlango.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mpangaji," kinyozi akasema.

Kaka akasogea, akalichungulia kwa jicho lake la kazini. Vijumba vilikuwa vimepangwa kimoja kando ya kingine, laini kwa nje. "Anachanganya na nini?"

"Mate," mama akajibu.

"Mate matupu?"

"Na subira, mwanangu. Nyinyi hamuitumii siku hizi."

Kaka akacheka, kisha akasema alichojia. Chumba kimekwisha, rangi imekauka, kitanda kimeingia. Jumamosi angekuja na gari. Alilisema kwa upendo na kwa ile sauti ya mtu asiyezoea kujibiwa.

Kinyozi akamtazama mama. Mama hakukataa. Alikuwa mama wa zamani, wa wale wanaoona kwamba mtoto wa kwanza akisema, nyumba imesema. Alichofanya ni kuinua kidole kuelekea fremu ya mlango.

"Huyu kabakiza chumba kimoja. Akifunga mlango wa mwisho, nitakwenda. Siwezi kuondoka katikati ya hadithi ya mtu."

"Sawa, mama," kaka akasema. "Mtu na fundi wake."

Usiku wa siku hiyo, wakati wa kuosha vyombo, kinyozi alijaribu. "Mama, kwani wewe unataka kwenda?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alisema akifuta sahani. "Mimi jembe ninalo, pa kulima hapa sipaoni. Una vyumba viwili na ngazi kama mlima. Kaka yako kasema."

Hakujibu alichoulizwa, na kinyozi hakuuliza tena. Alijiambia kumzuia mama kwa ajili ya moyo wake mwenyewe ni uchoyo. Lakini alijua mama anakwenda wapi. Aliuona ule uwanja wa zege, mweupe, uliofagiwa, na kiti kizuri chenye mto kimewekwa katikati yake, na mama juu ya kiti akingoja mtu apite.

Tangu hapo akawa adui wa kazi njema. Kila kidonge cha tope kilichobandikwa kilimchoma. Alimwomba Mungu mvua inyeshe nyigu asiweze kuruka, na mvua ikagoma. Aliwaza kumwambia muosha magari akaushe dimbwi. Watoto walishangilia chumba cha mwisho kikipanda, na yeye akawanyoa kimya, mpaka mmoja akamwambia, "Mama Vuu, leo mashine inauma."

Ijumaa asubuhi alimwacha mama akinywa chai, akatangulia kufungua. Kibanda kilikuwa kitupu. Chumba cha mwisho kilikuwa kimejaa buibui waliolala ganzi, chakula cha mtoto atakayezaliwa, na kilibaki tundu tu la kuziba. Akatwaa ufagio, akaugeuza mpini juu. Pigo moja lingetosha. Nyigu angeanza upya, hadithi ingeanza upya, na mama angebaki mwezi mwingine, labda miwili. Nani angejua? Fremu za milango hubanduka kila siku.

Nyigu akaingia na tope lake. Akakuta mpini umesimama mbele ya nyumba yake, akazunguka mara kadhaa, bila hasira, akitafuta njia ya kupita. Hakutupa mzigo. Kinyozi akatazama ule mwili mdogo uliobeba kitu karibu sawa na uzito wake, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Akashusha ufagio.

"Pita, dada," akasema. "Pita ukajenge." Kisha akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akalia mpaka ilipobidi afungue mlango kwa ajili ya wateja.

Jumamosi, tundu likiwa bado halijazibika lote, kaka alifika mapema. Begi la mama lilikuwa tayari ndani ya gari, amelibeba mwenyewe kutoka ghorofani. Lakini mama alikuwa kibandani, kwenye benchi, na watoto walikuwa wamejaa hadi kizingitini, na muosha magari amesimama na ndoo yake. Kaka ikabidi asubiri. Hakukuwa na nafasi ya kusimama, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, magoti yamekaribia kidevu, akitazama saa.

Nyigu akaingia.

"Mwenyewe huyo!" mama akaita.

"Apite tumwone!" Kibanda kizima kilijibu, na kinyozi akasikia ndani yake sauti nene ya mwanamume mzima. Kaka alijibu bila kujijua, kama mtu anavyoitikia jina lake.

Mama akasimulia mwisho. Nyigu kamaliza nyumba. Buibui wakaja kubisha hodi, wakiona wivu, wakisema na sisi tukaribishe, dada, nyumba yako ni nzuri. Naye akawajibu, karibuni, kwangu mlango unafungwa. Wakaingia mmoja mmoja. Akalitia yai lake katikati yao, akaimba wimbo wake, na watoto wakaimba naye, na pale juu nyigu alizungusha tope, akalilainisha kwa kichwa na miguu ya mbele, mpaka tundu likazibika pasionekane palipokuwa na tundu. Akatulia kidogo juu ya kazi yake. Kisha akatoka mlangoni, akapita juu ya dimbwi bila kushuka, akaenda zake.

"Kafunga," mama akasema. Akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama. "Haya, baba. Twende. Niliahidi."

Kinyozi aliitupa ile hoja ya uchoyo. "Mama, sitaki uende," akasema mbele ya watu wote. "Ngazi nitakubeba. Sitaki uende."

Mama akamshika shavu. "Neno nimelitoa, mwanangu. Hadithi imekwisha."

Watoto wote waligeuka kumtazama kaka, ambaye ndiye mwenye gari. Lakini kaka hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, amesogea hadi kwenye fremu, na anaichunguza ile nyumba ya tope kwa karibu, uso umekunjamana.

"Huyo mtoto yuko humu ndani?"

"Yumo," mama akasema.

"Na mlango umezibwa kabisa. Hakuacha dirisha, hakuacha hata tundu la hewa." Alipapasa ukuta kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu ambao mafundi wake hawakuwahi kuuona. "Sasa atatokaje?"

"Hiyo ni hadithi nyingine."

"Basi isimulie."

"Mwenyewe hajapita."

"Atapita lini?"

"Atakapotoka."

Kaka akasimama pale, mkono juu ya fremu. Alikuwa na nywele za mvi kisogoni, lakini kinyozi aliyemtazama kwa nyuma aliona kisogo kile kile cha kando ya kisima, cha mtoto aliyelala chini na sikio udongoni, asiyekubali kwenda kula. Kaka akageuka, akamtazama mama, kisha dada yake, kisha funguo za gari mkononi, kama anayeulizwa zimefikaje hapo.

"Mtanipigia simu akianza kutoboa," akasema. "Hata niwe kazini. Mnanisikia? Asitoke mimi sipo."

Akatoka akiinamisha kichwa. Wakasikia buti ya gari inafunguliwa, na aliporudi alikuwa amelibeba begi la mama begani, akiomba watoto wampishe.